Kishindo Kabla ya Muziki

Mkazi wa Kawangware au Kangemi, mitaa iliyo magharibi ya jiji la Nairobi, aijua vyema ile jioni ambayo stima imepotea kisha ikarudi kwa ghafla: taa hazijatulia, televisheni haijaonyesha picha, na tayari kutoka nyumba hii, na nyumba ya pili, na duka la kinyozi lililo ng'ambo ya njia, husikika mshindo mmoja mfupi na mzito, du!, utokao katika spika za vile vyombo vya muziki ambavyo watu wa huku huviita wufa. Wengi wameuzoea mshindo huo hata wakaudhania kuwa ni tabia ya vyombo vyenyewe. Na wengine, kwa kuuogopa, wamekwisha kununua spika mpya, kisha adapta mpya, kisha chombo kipya kizima, na mshindo ukawafuata vile vile. Nia ya makala haya ni kubainisha kwamba mshindo huo una asili yake, kwamba asili hiyo hutafutika kwa akili na vifaa vichache, na kwamba aghalabu ugonjwa haumo katika spika wala katika kipuri kilichoharibika, bali umo katika tartibu: vitu viwili vitatu ndani ya amplifaya vimeamka bila kungojana.

Stima ina sehemu yake katika habari hii, kwa kuwa kila inaporudi huviamsha kwa pamoja vyombo vyote vilivyoachwa swichi zao wazi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na nchi nzima ikakosa umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 giza jingine likaifunika sehemu kubwa ya Kenya, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Hizo ni siku zilizoingia katika magazeti. Zile za mtaa mmoja, za robo saa alfajiri na dakika tano usiku, haziandikwi na mtu, na hizo ndizo ziviamshavyo vyombo vyetu mara nyingi kuliko wenyewe tunavyoviamsha kwa vidole vyetu.

Tuanze na spika. Spika ni koni, aghalabu ya karatasi, iliyoshikanishwa na koili ya waya mwembamba iningʼiniayo ndani ya uga wa sumaku. Muziki ni umeme uendao mbele na kurudi nyuma, na koni huufuata huku ikiitikisa hewa; bali umeme ukija wa upande mmoja na kusimama, koni husukumwa upande huo ikazuiwa huko, hewa hupigwa mara moja, na pigo hilo ndilo kishindo tukisikiacho. Likipita upesi, madhara yake si makubwa ila kwa zile spika ndogo za sauti nyembamba. Likidumu, ni hatari. Chukua amplifaya ya volti 12, na tuseme kwa hitilafu nusu ya volti hizo, yaani 6, imebaki juu ya spika ya omu 4: mkondo utakuwa ampea 1.5, na joto litakuwa wati 9, zote zikimalizikia katika koili isiyosogea na kwa hiyo isiyopata hewa ya kuipoza. Ndiyo maana fundi mwenye busara haudharau mshindo hata uwe mdogo. Huutaka kwanza ujieleze.

Waliomiliki redio za valvu, zile kubwa za mbao zilizokaa sebuleni katika miaka ya 1950, hawakuijua sana adha hii, kwa sababu valvu huhitaji kupata moto kabla ya kufanya kazi, na sauti yake huja polepole baada ya kitambo. Fauka ya hayo, baina ya valvu na spika palikuwa na transfoma, nayo haipitishi umeme uliosimama. Transista zilipozirithi valvu, zikawa huamka kwa kufumba na kufumbua, na mafundi wakalazimika kuweka kapasita kubwa kati ya amplifaya na spika ili kuzuia ule umeme wa upande mmoja. Kapasita hiyo haina budi kujazwa kila chombo kinapowashwa, na kujazwa kwake ni kama mfereji wa Nairobi uliokosa maji siku kadhaa: maji yanaporudi, mfereji hukohoa na kutema hewa mpaka bomba lijae, ndipo maji yatiririke kwa utulivu. Kapasita ya mikrofaradi 2,200 ikijazwa kupitia spika ya omu 4 hupata sehemu kubwa ya chaji yake kwa muda wa milisekunde 9 hivi, na muda mfupi namna hiyo ni mshindo kamili kwa sikio. Lakini ikijazwa taratibu, kwa sekunde nzima au zaidi, haisikiki, kwa sababu sikio la mwanadamu halipokei vizuri mtikisiko ulio chini ya mara 20 kwa sekunde. Baadaye zikaja relei za kulinda spika, zikiongozwa katika amplifaya nyingi na aisi, yaani chipu, ya kampuni ya NEC iitwayo uPC1237: chombo kikiwashwa, relei husubiri sekunde kadhaa mpaka volti zitulie, kisha hulia tiki na kuiunganisha spika. Watu wa Pwani husema kawia ufike, na relei ile ilikuwa imefundishwa adabu hiyo hiyo.

Amplifaya za leo zimebadilika tena. Kenya ilipohamia televisheni ya dijitali mwaka 2015, ving'amuzi viliingia hata katika nyumba za chumba kimoja, na pamoja navyo zikaja televisheni bapa zenye tundu la kutolea sauti kwa waya wa mwanga. Nayo amplifaya ikaanza kupokea muziki ukiwa bado ni tarakimu, sifuri na moja, ambao zamani ilipokea ukiwa tayari ni mawimbi ya umeme. Ndani ya vyombo hivyo, na ndani ya vibodi vidogo ambavyo vijana wetu huvinunua kwa kutengenezea redio na spika za kwao wenyewe, tarakimu hizo husafiri kwa kanuni iitwayo I2S, iliyotolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1986. Kanuni yenyewe ni sahali kuelewa, maana ina nyaya tatu tu: wa kwanza ni waya wa mapigo, unaohesabu kila biti ipitayo, wa pili ni waya wa zamu, unaosema biti hizi ni za upande wa kushoto au za kulia, wa tatu ni waya wa tarakimu zenyewe. Muziki wa diski ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa pande mbili, kila kipimo kikiwa biti 16, na jumla yake ni biti 1,411,200 zipitazo katika waya huo kwa kila sekunde moja.

Hapo ndipo tartibu inapokuwa jambo la lazima. Amplifaya ya zamani ilihitaji umeme peke yake ili ifanye kazi. Hii ya sasa yahitaji umeme, na mapigo, na zamu, na tarakimu, na ruhusa ya kufungua sauti, vitu vitano vitokavyo mahali mbalimbali, kila kimoja na wakati wake wa kuamka. Ikiwa ruhusa imetangulia na mapigo hayajafika, au mapigo yamefika na zamu haipo, amplifaya huzisoma kelele za nyaya kana kwamba ni muziki, na kuzipeleka kwenye spika kwa nguvu zake zote.

Nilifahamu hayo kwa macho katika chumba kimoja cha juu karibu na Luthuli Avenue, barabara inayotoka Tom Mboya hadi River Road, yenye jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960. Barabara hiyo ilitengenezwa upya mwaka 2019, ikapanuliwa njia za waendao kwa miguu, lakini biashara yake haikubadilika: ni nyumba ya redio, spika, nyaya na vipuri vya kila jinsi, na katika vyumba vya juu ya maduka huketi mafundi ambao ujuzi wao haukuandikwa popote. Siku hiyo kijana mmoja wa Kangemi alikuwa amekuja na redio ya intaneti aliyojitengenezea, yenye kibodi cha ESP32 kwa ubongo, aisi ya MAX98357A kwa amplifaya, na spika moja ya omu 4 ndani ya kisanduku cha mbao alichokipiga msasa vizuri.

"Mzee," akasema, "nimebadilisha spika, nimebadilisha na adapta, na bado inapiga du."

"Vipuri tuviache kwanza, kijana wangu," fundi akajibu. "Hebu niambie inapiga wakati gani. Ukichomeka plagi? Wimbo ukianza? Wimbo ukiisha? Au ukichomoa?"

Swali hilo ndilo msingi wa uchunguzi wote, na msomaji aliye na chombo chenye kishindo yafaa alishike. Kishindo cha kuchomeka plagi, kabla ya wimbo wowote, huelekeza kwenye umeme wa chombo na kwenye ile ruhusa ya kufungua sauti. Kishindo cha mwanzo wa wimbo huelekeza kwenye mapigo, ambayo aghalabu huzimwa wimbo unapokwisha na kuwashwa upya unapoanza mwingine, au hubadilishwa mwendo pale wimbo wa vipimo 44,100 unapofuatwa na wa 48,000. Kishindo cha mwisho wa wimbo maana yake ni kwamba sauti imekatwa ilipokuwa juu, na koni ikaangushwa kutoka pale ilipokuwa. Kishindo cha kuchomoa kwaonyesha kwamba umeme umeondoka kabla ya amplifaya kunyamazishwa. Redio ya kijana ilipiga mara tu plagi ilipochomekwa, hata kama hakuna wimbo ulioombwa.

Fundi akaiondoa spika nzuri, akafunga mahali pake spika kuukuu yenye koni iliyochanika, akaifuatanisha na rezista ya omu 10 ili hata volti zikija zote zisiunguze kitu. Na hilo ni la kwanza la kufanya kabla ya majaribio yoyote, kwa kuwa kumtibu mgonjwa kwa kumtesa si tiba. Kisha akaweka ncha za multimita kwenye miguu miwili ya spika, akachomeka plagi, akaitazama tarakimu. Ilirukia juu kwa kitambo, kisha ikaanguka hadi milivolti chache ikatulia. Kutulia kwake kulikuwa habari njema: kama ingebaki juu, mamia ya milivolti au zaidi, aisi yenyewe ingeshukiwa kuwa imekufa, na pasingekuwa na dawa ila kuing'oa.

Hatua iliyofuata ilikuwa fupi, na ndiyo iliyofumbua fumbo. Aisi hiyo ina mguu mmoja wa kuizima na kuiwasha, ambao ukishushwa hadi volti sifuri spika hukatwa kauli. Fundi akachukua waya mfupi, akaugusisha mguu huo na ardhi ya bodi, akachomeka plagi: kimya. Akauondoa waya, akachomeka tena: du. Kwa jaribio hilo la waya mmoja alikuwa amekwisha kuitenga nusu ya uwezekano wote, maana lau kishindo kingetokea hata mguu ukiwa umeshikwa chini, kosa lingekuwa katika umeme au katika sehemu ya mwisho ya amplifaya. Na kwa kuwa hakikutokea, kosa lilikuwa katika kile kilichoingia kwenye aisi baada ya kuruhusiwa kusema.

Akaufuata waya wa mapigo kwa kidole hadi ulipofungwa kwenye ESP32, akakuta umefungwa mguu namba 14. Mguu huo ni mmoja wa ile ambayo, kibodi kinapoamka na kabla programu ya mtu haijaanza kazi, hutoa mapigo yasiyoamriwa na yeyote. Mambo yakawa bayana. Plagi ilipochomekwa, amplifaya ilipata umeme na, kwa kuwa kibodi chake kiliuunganisha mguu wa ruhusa na umeme kupitia rezista ya megaomu 1, ikajifungua papo hapo. Mguu namba 14 ukaipelekea mapigo ya bure. Na waya wa zamu, uliongoja programu, ulikuwa kimya. Watengenezaji wa MAX98357A wameonya waziwazi katika maelezo yake kwamba waya wa zamu usikatwe ilhali mapigo yanaendelea, kwa maana amplifaya yaweza kutoa umeme mkubwa wa upande mmoja. Kwa volti 5 na spika ya omu 4, umeme huo ukifika kikomo ni wati 6.25 za joto tupu, juu ya spika ndogo iliyoumbwa kwa wati 3. Kijana alikuwa amebahatika kwamba kitambo kile kilikuwa kifupi.

Dawa haikugharimu hata bei ya kikombe cha chai. Waya wa mapigo ulihamishiwa mguu mwingine usio na tabia ya kupayuka. Rezista ya kiloomu 10 ililehemiwa kutoka mguu wa ruhusa hadi ardhi, ili amplifaya ibaki imefungwa daima isipokuwa pale programu inapoifungua kwa makusudi. Na programu yenyewe ikaandikwa upya kwa tartibu ambayo fundi aliitamka mara kadhaa mpaka kijana akaijua kwa moyo. Umeme kwanza, amplifaya ikiwa imefungwa. Kisha mapigo na zamu kwa pamoja. Kisha tarakimu za sifuri, yaani ukimya halisi uliotumwa kwa waya, kwa makumi kadhaa ya milisekunde. Kisha ruhusa. Kisha muziki, nao uinuliwe polepole kutoka chini kwa milisekunde 20, ambazo katika vipimo 44,100 ni vipimo 882 tu, muda ambao hakuna sikio litakalolalamika kuwa wimbo umechelewa. Wakati wa kuzima, mambo hayo hayo hufanywa kwa kurudi nyuma: sauti ishushwe hadi sifuri, amplifaya ifungwe, mapigo yasimame, umeme uondoke mwisho. Na baina ya wimbo na wimbo, mapigo yasizimwe kabisa. Ziendelee kutumwa sifuri, ili amplifaya isipate nafasi ya kulala na kushtuka tena.

Asiyejua kulehemu wala kuandika programu naye ana sehemu yake. Ikiwa king'amuzi au televisheni imeunganishwa na amplifaya kwa waya wa mwanga, na kila unapobadilisha stesheni hutokea mshindo au kelele za kukwaruza, fungua menyu ya sauti, tafuta mahali pa kuchagulia namna ya sauti ya dijitali, uweke PCM badala ya Dolby. Hii ni kwa kuwa amplifaya nyingi za bei nafuu hazielewi lugha ya Dolby, na zikiletewa huweza kuisoma kama kelele. Fauka ya hayo, usiwashe vyombo vyote kwa swichi moja ya ukutani. Washa king'amuzi na televisheni kwanza, uvipe muda wa kuamka, kisha amplifaya iwe ya mwisho. Na wakati wa kuzima, amplifaya iwe ya kwanza kunyamaza. Stima ikipotea, nyoosha mkono uizime swichi ya amplifaya hata kama hakuna umeme, ili stima itakaporudi usiku wa manane ikute mlango umefungwa. Watumishi wa vyombo vya sauti makanisani na misikitini wameifuata kanuni hii tangu zamani, na haina gharama.

Matatu nazo zina kishindo chao. Abiria wa namba 46 ya Kawangware, akipanda gari lililopambwa na kujazwa spika chini ya viti, huenda amesikia dereva akiwasha injini na spika zote zikapiga kwa mara moja kabla ya muziki kurejea. Stata ya gari huvuta mamia ya ampea kutoka betri, na betri ya volti 12, hasa ikiwa imechoka, yaweza kushuka chini ya volti 9 kwa kitambo hicho. Redio ya dijitali iliyo mbele hupoteza fahamu na kuanza upya, ilhali amplifaya kubwa iliyo nyuma imevumilia na ingali wazi, ikipokea kila upuuzi utokao kwenye redio inayoamka. Hapa pia hakuna kilichoharibika. Ule waya mwembamba ambao redio hutumia kuiamrisha amplifaya iwake ufungwe pamoja na kichelewesho cha sekunde chache, na dereva azoee kuzima muziki kabla ya kugusa ufunguo wa stata. Spika zake zitaishi maisha marefu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu naona fedha nyingi za watu wasio na fedha nyingi zikipotea katika kubadilisha vitu vizima. Mama mwenye hoteli ndogo Kangemi akiambiwa kwamba spika imekufa, hana njia ya kubisha. Atalipa, na kesho mshindo utarudi, na spika mpya nayo itaanza kuumia. Chuo cha ufundi cha Kabete, kilicho huko huko magharibi ya jiji, kimekuwa kikifundisha kazi za mikono tangu mwaka 1924, na mafundi wazuri hatukuwakosa hata siku moja. Kinachokosekana ni mteja ajuaye la kuuliza. Basi unaponunua chombo Luthuli, mwombe muuzaji akichomeke mbele yako na sauti ikiwa imeshushwa kabisa, akichomoe, akichomeke tena, nawe usikilize kwa makini kila mara. Na unapopeleka chombo kwa fundi, mwambie kinapiga wakati gani, muulize kama ameipima spika kwa multimita, na muulize kilitokea nini alipoushika chini mguu wa kunyamazisha. Fundi aliyefanya kazi yake atakujibu mara moja na kwa furaha, kwa kuwa hayo ndiyo maswali aliyojiuliza mwenyewe. Na yule asiye na jibu, usimlipe kwa kipuri kipya mpaka alipate.